Sumu ya Unga Ikimwagika: Usikimbilie Ufagio wala Maji

Kwa miaka mingi nimeshughulikia usalama wa maghala yanayohifadhi kemikali za viwandani, na kinachonitia hofu kuliko pipa lililopasuka ni mfanyakazi mwenye bidii anayelikimbilia pipa hilo akiwa na ufagio mkononi. Sumu ngumu, iwe ya unga, ya chenga au ya vidonge, haitiririki kama mafuta wala haisambai yenyewe kama gesi ya klorini. Mara nyingi hubaki pale pale ilipoangukia, na kwa hiyo huwapa watu muda wa kufikiri ambao kimiminika hakiwapi. Madhara mengi niliyoyashuhudia yalitokea kwa sababu muda huo ulichezewa: mmoja alifagia akatimua vumbi, mwingine akafungua mpira wa maji na kuisukumia sumu mferejini.

Nichukue mfano wa sianidi ya sodiamu, ambayo hutumika sana katika uchenjuaji wa dhahabu. Ikiwa kavu ndani ya chombo kilichofungwa, imetulia. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo huweza kuua katika muda wa dakika chache, na hata unyevunyevu pamoja na hewa ya ukaa iliyomo angani hutosha kuitoa gesi hiyo polepole. Husemwa kwamba hunukia kama lozi chungu, lakini wapo watu ambao kimaumbile hawawezi kabisa kuisikia harufu hiyo, na ndiyo maana sikubali kauli ya mtu anayesema kwamba pako salama kwa kuwa hajasikia harufu yoyote. Kipimo cha gesi ndicho kinachoaminika, si pua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuondoka, kuelekea upande unakotoka upepo, na kuwazuia wengine wasikaribie. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na vikosi vya uokoaji vya Amerika Kaskazini unataka eneo litengwe kwa angalau mita 25 kila upande kwa sumu ngumu za kundi hili, na mita 50 kwa vimiminika vyake. Umbali huo ni wa kuanzia tu. Ikiwa sianidi imeingia majini, au kuna moto, eneo la kutengwa huwa kubwa zaidi. Kinachofuata ni kuitambua kemikali yenyewe kutokana na alama ya fuvu na mifupa, namba ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne (ya sianidi ya sodiamu ngumu ni 1689), na karatasi ya taarifa za usalama. Ninashauri kila ghala liweke darubini ndogo ya kusomea alama kwa mbali langoni pamoja na nakala za karatasi hizo, kwani nakala iliyofungiwa katika ofisi iliyo ndani ya eneo lililotengwa haina msaada kwa yeyote.

Katika ghala moja nililoitwa, uma wa foklifti ulikuwa umetoboa pipa, na dereva alishuka kutazama, akapanda tena na kuondoka ili asizibe njia. Tulipofika, rundo jeupe lililokuwa chini ya pipa lilikuwa dogo, pengine la kujaa bakuli. Kilichonishtua ni alama nyeupe zilizojirudia sakafuni kila tairi lilipomaliza mzunguko, hadi mlangoni, na baada ya hapo nyayo za buti zilizoelekea kwenye chumba cha kulia chakula. Unga ulikuwa umejishindilia katika mishono ya buti na chini ya kamba zake. Tangu hapo, kabla ya kuuliza ni kiasi gani kimemwagika, nauliza nani alikanyaga na alikwenda wapi.

Kusafisha ni kazi ya watu waliofunzwa na wenye vifaa: mavazi yasiyopitisha kemikali, glovu, buti za mpira, na kinga ya kupumua inayolingana na hatari iliyopo. Ikiwa kuna dalili ya gesi, kichujio cha kawaida hakitoshi. Anayeingia anahitaji mtungi wake wa hewa. Rundo hufunikwa kwa karatasi ya plastiki ili upepo usilipeperushe na mvua isilifikie, kisha huzolewa taratibu kwa koleo safi na kavu hadi ndani ya pipa kavu lenye mfuniko. Mifereji huzibwa mapema. Mwezi Mei 1998, lori lililokuwa limebeba sianidi ya sodiamu lilitumbukia katika mto Barskoon nchini Kirigizistani, na zaidi ya kilo 1,700 zikaingia majini. Sumu ikishafika mtoni, hakuna koleo litakaloirudisha.

Masalia yaliyoshika sakafuni huwashawishi wengi kumwaga dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Ni kweli kwamba wataalamu hutumia haipokloraiti, kemikali iliyomo katika dawa hiyo, kuiharibu sianidi, lakini hufanya hivyo wakihakikisha mchanganyiko ni wa alkali kali, kwa sababu bila hivyo huzalishwa gesi nyingine yenye sumu, sianojeni kloraidi. Waachieni wao.

Aliyeguswa na sumu avuliwe nguo zote, viatu vikiwemo, na aoshwe kwa maji mengi; hapo ndipo maji yanapohitajika bila kusitasita. Akiacha kupumua, asipuliziwe hewa mdomo kwa mdomo, bali kwa kifaa chenye vali, kwani mwokoaji anaweza kuipata sumu kutoka kinywani mwa mgonjwa. Hospitali ipigiwe simu na kutajiwa jina la kemikali kabla mgonjwa hajafika, kwa sababu dawa ya kupambana na sianidi, kama vile haidroksokobalamini, haiwi tayari katika kila chumba cha dharura na huenda ikabidi itafutwe kwingine. Nguo zake zifungwe ndani ya mifuko miwili, ziandikwe zilichobeba, na zipelekwe pamoja na mapipa ya taka za sumu. Asiruhusiwe mtu yeyote kuzichukua akazifue nyumbani.