Shangazi, Chakula Bora Kinatumaliza Mfukoni

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma na mume wangu na watoto watatu. Mume wangu alipimwa kituo cha afya, akaambiwa presha iko juu na sukari imeanza kupanda, tukaelekezwa kula mboga, matunda na samaki na kupunguza vyakula vya viwandani. Tangu siku hiyo nanunua matufaha, samaki wabichi na mkate wa ngano isiyokobolewa, na hela ya wiki inaisha siku ya nne. Mume wangu anasema namfilisi. Watoto wanataka soseji na tambi za pakiti, ambazo kusema kweli ni nafuu. Nifanye nini?*
— Mama wa Nkuhungu

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikuondolee lawama uliyojitwika, kwa kuwa hesabu yako ni ya kweli. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 2.8 duniani hawakumudu mlo wenye afya mwaka 2022, na katika nchi za kipato cha chini walioshindwa walizidi theluthi mbili. Tambi za pakiti hutengenezwa kwa wingi na hukaa dukani kwa miezi, ilhali mchicha hunyauka kesho yake. Tena Dodoma yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mboga nyingi za kiangazi hutoka kwenye umwagiliaji au husafirishwa kutoka mikoa mingine, na nauli hiyo unailipa wewe gengeni.

Hata hivyo, kinachokumaliza zaidi ni orodha unayokwenda nayo sokoni. Mhudumu alisema matunda, hakusema matufaha yaliyosafirishwa kutoka Afrika Kusini. Papai, pera, embe la msimu au ubuyu usiotiwa rangi na sukari vinatosha kabisa. Alisema samaki, na dagaa wakavu ni samaki, mradi uwachague wasio na chumvi, uwaoshe vizuri na usiwazamishe kwenye mafuta.

Ningekushauri uanzie kwenye unga, kwa sababu ndio unaoliwa kila siku. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, pumba na kiini huondolewa pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na vitamini, nawe unalipia kukoboa kisha unarudi nyumbani na unga pungufu. Nunua mahindi wakati wa mavuno, bei inaposhuka, usage dona, na mara nyingine usage uwele au mtama, ambavyo wazee wetu wa Ugogo hawakuvila kwa umaskini bali kwa sababu vinaivumilia ardhi hii kavu. Lakini hapa nakusihi uwe makini sana: chambua punje zote zenye ukungu na uzitupe, uhifadhi zilizokauka vizuri, na ufanye hivyohivyo kwa karanga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Mboga nazo zina msimu wake. Mvua zikinyesha, mlenda na majani ya kunde huwa tele. Nunua mafungu mengi, uyaoshe, uyakaushe kivulini na uyatunze kwa ajili ya kiangazi. Mlenda wa mumeo uutie nyanya na karanga kidogo, na uache magadi, kwa maana magadi yana sodiamu kama chumvi na presha yake haiyahitaji. Choroko na kunde huiva upesi kuliko maharage, na maharage ukiyaloweka usiku kucha utaokoa mkaa mwingi. Sitakuficha kwamba mapishi haya yanakula muda wako, na muda huo nao ni gharama. Watoto wakubwa wapewe kazi ya kuchambua na kuloweka, na baba yao pia asaidie, maana ugonjwa ni wa nyumba nzima.

Kuhusu soseji, sikuambii uzipige marufuku ghafla na kuzua vita na watoto. Zibakize kwa siku chache za mwezi, na kwenye tambi za pakiti tumia nusu tu ya kile kiungo chake, kwa kuwa humo ndimo mnamojaa chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai. Soda ndiyo ningeiondoa kabisa, kwani chupa ya mililita 330 huwa na sukari ya gramu 35 hivi na haimshibishi mtu.

Mumeo naye usimpe hotuba. Anaogopa, na mwanamume anayeogopa ugonjwa mara nyingi hugombania hela. Keti naye jioni akiwa ametulia, mwandike pamoja matumizi ya wiki nzima, ikiwamo soda na chipsi anazonunua kazini, kisha mwende wote wawili kliniki siku yake ya kurudi. Akiandikiwa dawa, asiziache kwa sababu mlo umebadilika. Na mwulizeni mhudumu kipimo cha ugali kinachomfaa, kwa sababu hata dona ikizidi hupandisha sukari.