Kifua kinakoroma, kinapiga mluzi ama kinatatarika?

Swali: Mwalimu, mi ni nasi hapa Kisumu. Mama alileta mtoto akasema "kifua kinakoroma", mi nikaskiza nikaskia mluzi, mwenzangu naye akasema hapana, ni kama chumvi inarukaruka kwa moto. Mtoto ni yule yule! Neno sahihi ni gani?

Jibu: Sista, kwanza usimlaumu mama. Kukoroma ni ile sauti nzito ya mtu amelala, wengine husema kuforota, na hata hiyo ronkasi yenu ya shule, jina la sauti nzito ya kifuani, maana yake ni mkoromo tu, ilitoka Kigiriki ikapitia Kilatini. Laennec, yule Mfaransa aliyebuni stethoskopu 1816, sauti za kifua alikuwa anaziita râle, lakini kwa Wafaransa hilo pia ni mkoromo wa mtu anayekata roho, sasa ukilitamka mbele ya mgonjwa unamuua kabla ya siku yake, ndio akakimbilia hiyo ronkasi ya Kilatini akiwa kitandani pa mgonjwa. Na kwetu si ni vile vile? Pigia nyanya simu kule Ahero umwambie mjukuu amelazwa na "anakoroma", uone kama hataanza kuita majirani.

Mluzi ni ile nyembamba ya kuvutika, sanasana mtoto akitoa pumzi. Ukisema kifua kinalia filimbi pia sina shida. Ile ya chumvi kwa karai la moto (huo mfano hata Laennec aliutumia) Kiswahili kina kitenzi chake kitambo, kutatarika, vijisauti vifupi vya kupasukapasuka. Kukwaruza achia tando za mapafu zikisuguana.

Lakini msidhani mkishapata maneno masikio yatakubaliana. Kuna utafiti wa 2016, madaktari 12 waliskizishwa rekodi zile zile za vifua wakatofautiana, na walipokubaliana vizuri zaidi ni pale majina yalipopunguzwa, sio yalipoongezwa, kwa hivyo wale wanaotaka niwatungie istilahi kumi za sauti za kifua mi nakataa. Mluzi, mtatariko, mkoromo, inatosha.

Na huyo mama akirudi mwambie aiigize hiyo sauti kwa mdomo kabla hujaandika kitu kwa faili, juu huku kwetu wengi wakisema mtoto anakoroma wanamaanisha pua imeziba.