Ukungu ndio unaoidanganya kamera yako

Ndugu, umeuliza kwa nini picha zako za vichaka vya rododendroni, vyenye maua ya waridi, katika misitu ya redwood, ile miti mirefu mno ya kaskazini mwa California, zinatoka za kijivu na giza ilhali kwa macho uliona uzuri mtupu. Kamera inaona weupe wa ukungu, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera.

Halafu ondoa anga kwenye fremu. Miti ile mingine inapita mita 90, huwezi kuiingiza yote. Anga jeupe likitokeza juu, jicho linakimbilia huko na maua yanasahaulika. Mimi hutumia lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 70–200, nikiwa nimesimama mbali kidogo, kichaka kikae mbele ya mashina mawili matatu yanayofifia nyuma yake. Hapo ndipo ukubwa wa msitu unapoonekana.

Tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, ni lazima. Kwa f/11 (tundu dogo la lenzi) na ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kuhisi mwanga) shata, pazia linaloruhusu mwanga kuingia, inaweza kukaa wazi sekunde nzima, na upepo mdogo tu unaharibu ua. Subiri upepo utulie, au panda hadi ISO 800 ili shata ifunge haraka zaidi. Polaraiza, kichujio cha kufunga mbele ya lenzi, nayo usiiache: inaondoa mng'ao kwenye majani yaliyolowa na rangi ya waridi inakolea. Inakula mwanga, lakini mimi siendi bila hiyo.

Nenda mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, asubuhi, kwenye njia ya miguu ya Damnation Creek, ndani ya misitu hiyo. Futa lenzi mara kwa mara. Na tafadhali usitoke njiani: mizizi ya miti hiyo iko juujuu, inaumizwa na kukanyagwa.