Kwa nini matunda makavu huota ukungu

Umeuliza kwa nini vipande vyako vya matunda viliota ukungu chupani, ingawa vilionekana vikavu vilipotoka kwenye kikaushio cha jua. Yaelekea vilikauka nje tu, kwa kuwa joto likizidi mapema huku hewa haipiti vizuri, sehemu ya juu hukakamaa na kuzuia maji ya ndani yasitoke. Vitupe vyote. Safari ijayo kata vipande vya unene sawa, milimita 5 hadi 6, na ufungue zaidi matundu ya kutolea hewa ya kikaushio ili joto libaki karibu nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi; hewa inayotembea, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko jua kali. Vikishapoa, vitie katika chupa ya kioo kwa wiki moja ukiitikisa kila siku, na ukiona matone ya maji kwenye kioo, virudishe kikaushioni bila kuchelewa.