Niliua mepo miwili kabla ya huu

Juzi Jumapili niliweka statasi picha ya mti wangu wa mepo wa Kijapani, wa aina ya Tamukeyama, majani yamekuwa mekundu kama makaa ya kuchomea mishikaki. Hapa Dallas, Texas, mepo hukoza rangi Novemba, na mwaka huu nimeingoja rangi hiyo kama mshahara. Haikupita saa moja, dada mmoja wa Columbus, Ohio, akaniandikia: "Kaka, hongera. Ndio kwanza tumehamia nyumba yetu. Nataka mwekundu kama huo, niupande mbele ya nyumba. Ninunue upi?"

Dada, nitakujibu, ila kwanza nisikilize. Mti huo unaouona ni wa tatu. Wawili waliotangulia niliwaua kwa mikono yangu.

Mepo nilikutana nao Seattle, nilikoanzia maisha Marekani. Seattle huna haja ya ufundi. Mawingu mengi, kiangazi cha upole, udongo wenye tindikali kidogo jinsi mepo unavyopenda. Nilikuwa nikienda kwenye bustani ya Kijapani ya Washington Park kila Oktoba, nasimama kando ya bwawa natazama majani yalivyotanda juu ya maji, najiapia: siku nikipata nyumba yangu, mti wa kwanza ni huu. Nyumba nikaipata. Ila Texas.

Nikanunua mepo mwekundu wa aina ya Bloodgood kwa dola 240. Muuzaji kitaluni akaniambia weka juani, ndipo wekundu unapokolea. Hakunidanganya, mepo mwekundu ukifichwa kivulini kabisa majani yake hufifia yakaelekea ukijani. Lakini hakuniuliza jua la upande gani, na mimi mwenye haraka zangu sikumwuliza. Nikaupanda mbele kabisa, penye ukuta wa matofali unaotazama magharibi, kila apitaye auone. Nakiri hilo. Sikuupanda pale kwa ajili ya mti.

Mei majirani walikuwa wakisimama kuusifia. Juni ncha za majani zikajikunja, zikakauka kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Nikaongeza maji. Julai joto likavuka nyuzi 38 siku baada ya siku, na ule ukuta ukawa jiko: jua limezama saa nyingi, lakini ukiweka kiganja unauondoa haraka. Majani ya mepo ni membamba, mizizi yake iko juujuu, na jua la alasiri pamoja na upepo mkavu hunyonya maji kutoka kwenye jani kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Hata umwagilie mto mzima. Mwisho wa Agosti nikakwangua gome kwa ukucha. Ndani kahawia tupu.

Mke wangu hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ya upole, kama risiti ipo.

Wa pili sitausimulia sana. Niliuzamisha. Udongo wetu huku ni mfinyanzi mweusi; ukichimba shimo ukajaza mboji nzuri, umetengeneza bakuli. Mizizi ikaoza huku nikijisifu kwa kumwagilia kila siku.

Kilichoniuma zaidi ni Fort Worth, mwendo usiofika saa moja kutoka kwangu. Pale pana bustani ya Kijapani tangu 1973, na mepo imejaa. Nilikwenda Julai, saa tisa alasiri, makusudi. Joto ni lile lile lililoua wangu. Nikainua macho: juu kuna miti mirefu, jua linafika chini kwa madoadoa. Miaka miwili na pesa zangu, na jibu lilikuwa pale, tena wazi.

Basi wa tatu nikaupanda mashariki mwa nyumba, dirishani kwa jikoni. Unapata jua la asubuhi mpaka saa tano hivi, kisha nyumba yenyewe inaukinga. Niliupanda vuli, mizizi ipate miezi ya kujituliza kabla ya kiangazi, juu ya tuta la sentimita 30, na matandazo ya maganda ya miti sentimita 7 yasiyogusa shina. Nikachagua Tamukeyama kwa sababu huvumilia joto kuliko wenzake wengi wa majani ya nyuzinyuzi. Barabarani hauonekani kabisa.

Sasa dada wa Columbus. Jua lenu si kali kama letu, Bloodgood itakufaa hata ikipata jua zaidi ya wangu, lakini kivuli cha alasiri bado ni rafiki. Adui wenu ni sakitu, yaani umande ulioganda, ya majira ya kuchipua, inayokuta majani machanga na kuyababua. Ukiipata aina ya Emperor I, ina wekundu wa kufanana na huchelewa kuchipua, kwa hiyo mara nyingi hukwepa. Wa Minneapolis mnaoniuliza kila mwaka: baridi yenu huua mepo wa Kijapani, tafuteni ndugu yake wa Kikorea. Na nyinyi wa Dar na Muscat, acheni. Mti huu unataka majira ya baridi ya kulala, usipolala unachakaa. Dar mnao mkungu, majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka na hakuna anayeupiga picha.

Watu wetu tuna ugonjwa wa kununua rangi kwanza na mahali baadaye, tena mahali penyewe ni pa kuonekana na wapita njia. Dada, usinitumie picha ya mti unaoutamani. Nitumie picha ya mbele ya nyumba yako iliyopigwa saa kumi alasiri, siku ya jua, ukuta uonekane. Tukiona kivuli kiko wapi, tutazungumza habari ya wekundu.