Muhula ukiisha, kagua kazi zako za usanifu ukiwa na rula mkononi

Wanafunzi wengi wa usanifu wa michoro hupima maendeleo yao kwa jicho tu, tena kwenye skrini. Wanafungua bango la muhula wa kwanza, wanafungua la muhula wa tatu, wanaona hilo la baadaye linavutia zaidi, basi wanaridhika. Kipimo hicho hakimwambii mtu ni nini hasa kimebadilika, wala ni kosa gani bado analibeba kutoka kazi hadi kazi. Fani hii ina vipimo vyake: milimita, pointi (kipimo cha ukubwa wa herufi), asilimia za wino, idadi ya herufi katika mstari. Anayekagua kazi zake kwa vipimo hivyo hujua amesogea wapi na amekwama wapi, hata kama mhadhiri hakuandika neno zaidi ya alama.

Anza kwa kuchapa. Kila kazi ya muhula itolewe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, isiwe imebanwa ili ienee kwenye ukurasa. Bango la A3 lina milimita 297 kwa 420. Ukilichapa kwenye A4 umekagua kitu kingine kabisa. Kama hela ya A3 ya rangi haitoshi, chapa A4 mbili nyeusi na nyeupe uziunganishe kwa gundi ya karatasi. Kwa kukagua ukubwa wa herufi na nafasi, rangi haihitajiki. Bandika ukutani, rudi nyuma mpaka umbali ambao msomaji atasimama, kisha soma. Kipeperushi husomwa mkononi, kwa hiyo kishike mkononi. Bango la mlango wa ukumbi husomwa na mtu anayepita, kwa hiyo lipite.

Kabla hujasema kazi ni nzuri au mbaya, rudi kwenye maelekezo uliyopewa. Yaandike upya kwa maneno yako katika maswali manne: nani atasoma, atasomea wapi, kwa umbali gani, na akimaliza kusoma afanye nini. Kazi nyingi za wanafunzi huanguka kwenye swali la nne. Bango lina picha kali na rangi zimepangika, lakini tarehe ya tukio imefichwa kona ya chini kwa pointi 10. Hilo ni kosa la mpangilio wa umuhimu, na hata ungebadilisha fonti mara ngapi halitaondoka.

Vyuo vingi hudai maelezo ya maandishi yanayoambatana na kazi, na hapo wanafunzi hupoteza alama za bure. Sentensi kama “Nimejifunza mengi kuhusu rangi na herufi” haimpi msomaji chochote cha kushika. Linganisha na hii: “Kichwa kilikuwa pointi 36 kwenye A3 na maneno 11, kwa mita tano hakikusomeka vizuri. Toleo la tatu lina maneno matano kwa pointi 96, na picha imepungua kwa theluthi moja ili kukipisha.” Sentensi ya pili inataja hali ya kwanza, jaribio, matokeo na badiliko. Mhadhiri akiisoma anajua mwanafunzi ameona tatizo kwa macho yake mwenyewe.

Maelezo ya namna hiyo hayaandikiki kama matoleo ya kati yamefutwa. Ndiyo maana faili linahitaji jina lenye mpangilio tangu siku ya kwanza: jina la kazi, namba ya toleo, tarehe ikianza na mwaka, kwa mfano bango-ukumbi_03_2025-05-12. Tarehe ikianza na mwaka, kompyuta hupanga mafaili kwa mfuatano wenyewe. Achana na majina ya “mwisho”, “mwisho kabisa” na “mwisho mpya”; baada ya miezi miwili hakuna anayejua lipi lilitangulia. Kila toleo litolewe pia kwa PDF, kwa sababu faili la programu ya kusanifia kama Illustrator au CorelDRAW likifunguliwa mwaka ujao kwenye mashine isiyo na fonti zile, litabadilika sura na ushahidi wako utapotea.

Sasa tuje kwenye herufi, maana hapa anayesanifu kwa Kiswahili ana matatizo yake ambayo mafunzo mengi ya mtandaoni hayayagusi.

La kwanza ni urefu wa maneno. Kanuni inayofundishwa sana ni herufi 45 hadi 75 kwa mstari. Kiswahili hubeba kiima, wakati, kirejeshi na kitenzi katika neno moja, kama “yaliyoandikwa” au “wanaotutegemea”. Ukiweka maneno hayo kwenye safu nyembamba ya herufi 35 na ukalinganisha pambizo za pande zote mbili, programu itavuta nafasi kati ya maneno mpaka mashimo meupe yatiririke katikati ya aya. Kwa safu nyembamba, panga maandishi kushoto tu na uache upande wa kulia ukiwa huru. Au panua safu. Kupunguza herufi kutoka pointi 10 hadi 8 ili maneno yatoshe ni kumhamishia msomaji tatizo lako.

La pili ni kukata maneno mwisho wa mstari. Programu ikiwa imewekewa lugha ya Kiingereza, inakata kwa silabi za Kiingereza, na unaweza kukuta “wan-afunzi” au “kitam-bo”. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na konsonanti zilizoungana huenda pamoja na irabu inayofuata: wa-na-fu-nzi, ki-ta-mbo. Zima ukataji wa moja kwa moja katika mtindo wa aya, kisha ukihitaji kukata neno refu weka mwenyewe kistari cha hiari, kinachoonekana tu neno likikatwa mwisho wa mstari. Kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, ni Ctrl, Shift na kistari kwa pamoja. Usiweke kistari cha kawaida. Maandishi yakisogea, kistari hicho kitabaki katikati ya mstari na neno litasomeka “wana-funzi” mbele za watu.

La tatu, jaribu kila fonti kwa maneno yetu kabla ya kuichagua. Andika NG’OMBE na ng’ambo. Fonti nyingi za bure za mapambo hazina alama ya ritifaa, au inayo lakini inaacha pengo kubwa baada ya G, neno likaonekana mawili. Angalia pia kwamba alama ni ile iliyopinda, isiwe ile iliyonyooka iliyokuja na maandishi ya kunakili kutoka kwenye simu. Kisha andika kwa herufi kubwa KWA AJILI YA WATOTO. Jozi za W na A, Y na A, V na A, T na A hujirudia mno katika Kiswahili, na ndizo zinazoacha pengo kwa sababu ya mistari yake ya mshazari. Kwenye aya ya pointi 10 hakuna atakayeona. Kwenye kichwa cha pointi 96 pengo hilo linaonekana wazi, na linatakiwa lifungwe kwa mkono, jozi kwa jozi. Ukitaka kujua jicho lako limekua kiasi gani, chukua kichwa cha habari cha muhula wa kwanza ukikague kwa hili peke yake.

Kuhusu rangi tutasema mawili. Utofauti kati ya maandishi na usuli unapimika. Kiwango cha WCAG kinachotumika kwa tovuti kinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Rangi ya chungwa yenye msimbo #FF6600 juu ya nyeupe inatoa kama 2.9 tu, na kijivu #999999 kinaangukia hapohapo. Kijivu #767676 kinavuka kwa nywele, 4.54. Vikokotoo vya kupima hili vipo bure mtandaoni, na andiko lako likisema “utofauti umepanda kutoka 2.9 hadi 4.5”, hakuna wa kubishana nawe.

La pili ni nyeusi. Nyeusi ya skrini ikigeuzwa kwenda rangi nne za uchapaji (C samawati, M majenta, Y manjano, K nyeusi) kwa mipangilio ya kawaida ya Photoshop hutoka C75 M68 Y67 K90, yaani wino wa asilimia 300. Herufi ndogo zikichapwa kwa rangi nne, karatasi ikisogea hata kidogo kati ya wino na wino, kingo zinatoka na kivuli chekundu au cha samawati. Maandishi ya kusoma yawe K100 peke yake. Hakiki kwenye onyesho la wino mmoja mmoja, Separations Preview ndani ya InDesign: zima K, na kama maandishi bado yanaonekana, yana wino mwingine ndani yake.

Kazi inayofichua uelewa wa mwanafunzi kuliko nyingine zote ni kipeperushi cha A4 cha mikunjo miwili. Wengi hugawa milimita 297 kwa tatu na kupata 99 kila upande. Kikikunjwa, jani linaloingia ndani linagonga mkunjo na kujikunja, au kipeperushi kinagoma kulala. Jani hilo lazima liwe jembamba: 97, na mengine mawili 100 kila moja. Halafu mpangilio unageuka kati ya nje na ndani. Upande wa nje, kutoka kushoto, ni 97 (jani la ndani), 100 (mgongo), 100 (jalada). Upande wa ndani ni 100, 100, 97. Ukinakili miongozo ya ukurasa wa kwanza kwenda wa pili bila kuigeuza, kila mkunjo utapita milimita tatu kando, kwenye maandishi. Pambizo nazo huhesabiwa kwa kila jani, si kwa ukurasa mzima: acha angalau milimita tano kila upande wa mkunjo. Karatasi ya gramu 170 au zaidi ipigwe alama ya mkunjo kwanza, la sivyo wino unapasuka na weupe kujitokeza mgongoni. Tengeneza kielelezo cha karatasi tupu, kikunje, andika namba kwa kalamu, kisha ndipo ufungue kompyuta. Dakika tano hizo zinaokoa gharama ya kuchapa upya.

Rangi au picha ikifika ukingoni, iongeze milimita tatu nje ya mstari wa kukatia kila upande, kwa sababu mashine ya kukata haikati mahali pamoja katika rundo zima. Na ukumbuke kwamba mashine ya A3 ya duka la kawaida haichapi hadi ukingoni. Kwa kazi ya A3 yenye rangi pembeni ulizia karatasi ya SRA3, milimita 320 kwa 450, halafu ikatwe.

Picha zipigie hesabu. Picha yenye upana wa pikseli 1600, kwa nukta 300 kwa inchi, inafaa upana wa sentimita 13.5. Ukiitandaza kwenye upana wa A3 inabaki na nukta 137 kwa inchi, na mkononi ukungu unaonekana. Mwombe mwenye picha aitume kama hati badala ya picha ya kawaida ya WhatsApp, maana programu hiyo huibana.

Maoni ya vikao vya kukosoana yanastahili uangalifu kuliko yanavyopewa. Andika maneno ya msemaji kama alivyoyasema, kisha kando yake sehemu ya kazi iliyotajwa, kisha ulichofanya. Tenganisha “sipendi” na “sioni”. Asiyependa kijani ana haki yake. Asiyeona namba ya simu amekuonyesha kosa. Wenzako watatu wakitaja sehemu ileile huku kila mmoja akipendekeza dawa tofauti, amini kwamba sehemu hiyo inaumwa, na dawa itafute mwenyewe. Wasanifu chipukizi huteleza sana hapa: hutekeleza mapendekezo yote matatu, na kazi inakosa mwelekeo.

Baada ya ukaguzi chagua kazi moja uifanye upya yote, na isiwe ile mbaya kuliko zote. Ile iliyopata alama za wastani ndiyo inafundisha, kwa sababu ina wazo zuri lililoharibiwa na utekelezaji. Jiwekee masharti magumu: fonti moja yenye uzito mbili (nyembamba na nene), rangi mbili, gridi ya safu sita. Zoezi la kanga linafaa sana kwa hili. Kuna pindo, kuna mji (sehemu ya katikati), kuna jina (maandishi yake); nafasi ya kila kimoja inajulikana, na kila rangi ya ziada kwenye uchapaji wa skrini inadai fremu yake. Mwanafunzi anayezoea kuficha mpangilio dhaifu kwa vivuli na rangi zinazofifia hapo hana pa kujificha. Jina lenyewe, kwa herufi kubwa, linatakiwa lisomeke na mtu anayetembea nyuma ya mvaaji.

Kazi mpya na ya zamani ziwekwe ukurasa mmoja wa potifolio, zikifuatana, na mistari miwili ya maelezo yenye namba. Potifolio ya kazi sita zilizokaguliwa hivi ina nguvu kuliko ya ishirini. Itengeneze PDF ya mlalo inayosomeka kwenye simu, kwani waajiri wengi wataifungulia hapo, na maelezo yasishuke ukubwa unaolazimu kukuza kwa vidole. Chini ya kila kazi taja ukubwa wake, karatasi iliyotumika na, kama ilikuwa ya kikundi, sehemu uliyoifanya wewe. Faili asili la kila kazi liwe tayari pamoja na fonti na picha zake kwenye folda moja, kwa sababu kwenye usaili unaweza kuombwa ulifungue na kubadilisha kitu hapohapo.