Kabla hujakopa mbolea, weka kiberiti chini

Jamani kila mwaka masika ikikaribia huku kwetu Malindi ni moshi tu, toka Ganda mpaka Kakuyuni kila mtu anasafisha shamba kwa moto, mabua, magugu, majani ya mkorosho, vyote vinachomwa, alafu mvua ikianza huyo mtu anaenda dukani kukopa mbolea ya DAP ati ardhi imechoka. Haijachoka bwana, umeivua nguo.

Udongo wetu sehemu nyingi ni mchanga, haushiki maji wala mbolea, kinachousaidia ni ile mboji ya majani yaliooza. Ukichoma, naitrojeni, kile chakula cha mimea, yote karibu inapaa na moshi, linabaki jivu, na jivu lenyewe kaskazi ikivuma kidogo tu huna kitu. Mvua ya kwanza nayo inabeba udongo wa juu. Pita daraja la Sabaki mwezi wa nne uone yale maji yalivyo mekundu, mpaka bahari inabadilika rangi. Najua si udongo wetu peke yetu, mto unaanzia bara huko Athi, lakini na sisi tumo.

Mie mabua nayalaza kati ya mistari ya mahindi, naongeza majani ya mkilifi (mwarobaini) na makuti yaliokwisha kazi. Jua likiwaka wiki nzima bila mvua nenda ufunue hapo, utakuta udongo baridi, una nyuzi nyeupe za kuvu na pengine nyungunyungu, alafu vuka mpaka uingize kidole kwa jirani aliyechoma, pakavu na pamoto. Watu huniambia hayo majani yataleta mchwa. Ni kweli watakuja, sana sana wanataka yale makavu, na matundu yao ndo yanapitisha maji chini. Ila majani usiyasukumie kwenye shina la mche mchanga. Katikati napanda kunde, inafunika chini na mizizi yake inaongeza naitrojeni, na mboga unakula.

Trekta pia inaumiza udongo, jembe lake la diski likipita kina kile kile kila msimu chini panashindiliwa, ng'oa mhindi uone mizizi imekunja kona.

Kuhusu DAP sisemi usitumie, lakini ukirudia miaka na miaka asidi inapanda. Usikimbilie chokaa ya kupunguza asidi lakini, manake ukiwa karibu na pwani kwenye mawe ya matumbawe chokaa iko tele, unatupa pesa. Peleka udongo ukapimwe kwanza, waulize watafiti wa kilimo wa KALRO Mtwapa au afisa kilimo wa wadi yako.

Mtihani mkubwa kusema kweli ni mbuzi, ukishavuna tu wanaingia kumaliza mabua. Mie naongea na wenye mbuzi mapema, nawaachia upande mmoja wale, upande mwingine naweka miba, na msimu ujao tunabadilishana.